Gurumo na bendi zilizosahaulika: Safari ya miaka 53 kutoka Masaki, Kisarawe

WAPENZI wa muziki wa dansi nchini wakitajiwa jina la Muhidin Maalim Gurumo, haraka hukumbuka Msondo, kisha Sikinde. Ni wachache mno watakaoitaja Kilimanjaro Chacha.

Hata hivyo, ni katika bendi hiyo, mwaka 1960, ambamo gwiji huyo alianza safari ya muziki iliyodumu kwa miaka 53. Kabla hajatimiza umri wa miaka 25, alikuwa amekwishapita pia katika Rufiji Jazz na Kilwa Jazz.

Kati ya bendi hizo tatu, Kilwa Jazz ndiyo pekee ambayo bado hutajwa na wazee wa dansi bila kufikiri sana, kwani nyimbo zake kadhaa ziliwahi kutolewa katika santuri. Nyingine mbili zilipita kama mvua ya vuli. Hazisikiki katika vipindi vya redio vya zilipendwa, na kama si Gurumo kuzitaja kila alipoulizwa alikotoka, huenda majina yake yangekuwa yamefutika kabisa katika historia ya muziki wa Tanzania.

Habari za maisha ya mkongwe huyo, aliyefariki dunia Aprili 13, 2014, kwa hiyo ni habari za bendi zilizodumu na zile zilizokufa changa. Ni habari pia za mwanamuziki aliyezipa bendi hizo sauti yake bila kumiliki hata moja.

Gurumo alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Masaki, wilayani Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Msomaji wa mjini asichanganye. Hii si Masaki ya mabalozi na hoteli kubwa iliyoko Rasi ya Msasani, bali ni Masaki ya mihogo, minazi na mikorosho, iliyo ng'ambo ya vilima vya Pugu.

Mji wa Kisarawe uko takriban kilomita 30 tu kutoka katikati ya Dar es Salaam. Ukaribu huo umekuwa neema na balaa kwa wenyeji wake. Wazaramo wa vijiji vya huko walikuwa wakiuza mazao yao mjini kabla ya reli na kabla ya lami, na vijana wao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuona mji, kuupenda na kuhamia.

Lakini hawakwenda mikono mitupu. Kutoka Kisarawe hadi Kibaha, na kuelekea Bagamoyo, harusi, jando na unyago havikamiliki bila ngoma. Mdundiko ulitembea kilomita nyingi ukiwakusanya watu njiani. Msondo, ile ngoma ndefu inayopigwa ikiwa imesimamishwa, ilijulikana katika shughuli za kuwatoa wali. Sikinde nayo ilikuwa na watu wake. Mtoto aliyekulia Masaki katika miaka ya 1940 hakuhitaji kufundishwa mapigo hayo darasani.

Kulikuwa pia na upande wa pili wa malezi. Maalim ni jina la heshima apewalo mwalimu wa dini, na Pwani ya wakati huo ilikuwa ya chuo, maulidi na kasida. Ukiisikiliza kwa makini sauti ya Gurumo, namna alivyoshika neno na kulivuta taratibu kabla ya kuliachia, ni vigumu kuamini kwamba chanzo chake ni santuri za Cuba peke yake.

Santuri hizo, kwa hakika, zilikuwa na nguvu kubwa. Tangu miaka ya 1930, Dar es Salaam ilikuwa na vikundi vya dansi vilivyopiga kwa mtindo wa kigeni, na Dar es Salaam Jazz ni miongoni mwa vilivyotangulia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, santuri za Cuba zilizofahamika kwa alama za GV zilienea katika miji ya Afrika Mashariki na Kongo. Rumba, bolero na chacha vikawa lugha ya vijana wa mjini, hata kwa wale wasioelewa neno moja la Kihispania.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950, bendi zilikuwa zimejaa katika mitaa ya Kariakoo, Ilala na Magomeni. Nyingi hazikuwa bendi kwa maana ya leo. Zilikuwa vyama. Zilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na wanachama walilipa ada iliyonunua magitaa, tumba na mdomo wa bata. Vyombo vilikuwa mali ya chama, si ya mpigaji.

Aidha, vyama hivyo vilifuata nyumbani. Mwaka 1959, vijana waliotoka Jimbo la Magharibi, wakiongozwa na Iddi Nhende wa Nzega, walianzisha Western Jazz. Watu wa Kilwa, chini ya Ahmed Kipande, walikuwa na Kilwa Jazz. Warufiji walikuwa na Rufiji Jazz, na watu wa Ulanga walikuwa na Ulanga Jazz. Kijana aliyeshuka mjini bila ndugu aliitafuta bendi ya kwao kama anavyoitafuta nyumba ya mjomba. Humo alipata wa kumwazima shati, wa kumtafutia kibarua, na wa kumzika mambo yakiharibika.

Wanamuziki wenyewe walifanya kazi nyingine mchana. Walikuwa makuli wa bandarini, makarani, mafundi cherehani, madereva na wapishi. Jioni walifanya mazoezi uani kwa mtu, na Jumamosi walikodi ukumbi. Mapato ya mlangoni yalilipa ukumbi na kununua nyuzi za gitaa. Kilichobaki, kama kilibaki, kiligawanywa.

Kilimanjaro Chacha ilikuwa bendi ya wakati huo, ingawa jina lake halikutaja wilaya ya mtu. Lilitaja mlima ambao wanasiasa walikuwa wakiuimba na dansi ambayo kila kijana alitaka kuicheza. Mwaka huohuo wa 1960, Joseph Kabasele na African Jazz yake waliipa Kongo wimbo wa uhuru kwa mapigo hayohayo ya chacha. Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliusimika Mwenge wa Uhuru juu ya Kilimanjaro. Kwa jina, walau, bendi hiyo ya kwanza ya Gurumo haikukosea hata kidogo.

(Isichanganywe na Kilimanjaro Band, wale Wana Njenje waliotokana na The Revolutions. Hiyo ni ya baadaye kabisa.)

Jina zuri, hata hivyo, halilishi bendi. Bendi za aina hiyo zilikufa kwa sababu ambazo wanamuziki wa zamani huzijua kwa ghibu. Mweka hazina huhamishwa kikazi na daftari likaondoka naye. Gitaa huvunjika na fedha za kununua jingine hazipo. Mpigaji wa solo hushawishiwa na bendi ya jirani, na mwimbaji humfuata. Wanachama wa makundi mawili hugombea jina, na hatimaye ukumbi hukosa wa kufungua mlango.

Tena, hapakuwa na mahali pengi pa kuacha alama. Studio iliyokuwa mjini ni ya shirika la utangazaji, ambalo baada ya mwaka 1965 lilifahamika kama Radio Tanzania Dar es Salaam. Kutengeneza santuri ilikuwa ni jambo la Kenya: kampuni za Nairobi, au Assanand wa Mombasa na lebo yake ya Mzuri. Bendi iliyokosa kuingia studio, au iliyoingia mara moja tu, ilibaki katika masikio ya waliohudhuria ukumbini. Masikio hayo yakizeeka, bendi nayo imekwisha.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya Kilwa Jazz na wenzake. Kilwa Jazz haikuwa na wapigaji bora kupita kila mtu. Ilikuwa na santuri.

Katika kipindi cha miaka minne hivi Gurumo alihama kutoka Kilimanjaro Chacha hadi Rufiji Jazz, kisha Kilwa Jazz. Kijana wa Kisarawe kuimba na Warufiji na baadaye na watu wa Kilwa si jambo la kushangaza kwa anayeijua Pwani, ambako utani na undugu huvuka mipaka ya wilaya bila kuomba ruhusa. Lakini ni dalili pia kwamba ukabila wa bendi hizo ulikwisha kuanza kulegea. Sauti ilianza kuwa na thamani kuliko kwao mtu.

Kisha ukaja mwaka 1964.

Januari 20 ya mwaka huo, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito. Maasi hayo yalipozimwa, Serikali iliwatupia jicho pia viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Mwezi uliofuata, shirikisho la TFL na vyama vyake lilivunjwa, na mahali pake ikawekwa jumuiya moja ya wafanyakazi, NUTA, chini ya Michael Kamaliza. Ni katika jumuiya hiyo mpya ambamo iliundwa NUTA Jazz.

Kwa mtazamo wa siasa, NUTA ilikuwa mwisho wa vyama huru vya wafanyakazi. Kwa mwanamuziki wa Kariakoo, ilikuwa mshahara. Kwa mara ya kwanza katika muziki wa dansi nchini, mpiga gitaa na mwimbaji waliajiriwa na chombo cha umma kwa kazi ya muziki, wakalipwa kila mwezi, na vyombo vikanunuliwa na mwajiri. Haikuhitajika tena kushona nguo mchana ili kuimba usiku.

Gurumo alikuwa miongoni mwa waliojiunga mwanzoni kabisa, akiwa na umri wa miaka 24. Huo ndio uliokuwa mwisho wa bendi ndogo katika maisha yake, na kwa namna fulani, mwanzo wa mwisho wa bendi hizo kwa jumla. Chama cha watu wa wilaya moja, kinachotegemea ada, kingeshindana vipi na jumuiya inayokata michango kwenye mishahara ya nchi nzima?

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mambo yalizidi. Jeshi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, shirika la biashara likawa na STC Jazz, umoja wa vijana ukawa na Vijana Jazz, na shirika la usafiri Dar es Salaam likawa na UDA Jazz. Fedha za kigeni zilipoadimika, ni taasisi tu zilizoweza kuagiza magitaa na vipaza sauti kutoka ng'ambo. Bendi za mitaani, zile za ada na daftari, zilikosa pumzi moja baada ya nyingine.

Si haki kudai kwamba hasara hiyo haikuwa na faida. NUTA Jazz iliimba siasa za wakati wake kwa moyo, iliimba mapenzi kwa moyo zaidi, na iliingia studio za Radio Tanzania mara kwa mara. Wapulizaji kama Joseph Lusungu na Mnenge Ramadhani waliipa sauti ya tarumbeta na saksafoni ambayo mtu huitambua akiwa nje ya ukumbi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alijiunga kijana Hassani Rehani Bitchuka, mwenye sauti nyembamba ya juu, na ndipo Gurumo alipopata mwenza.

Wawili hao walikuwa kama kisu na ala yake. Bitchuka alipanda, Gurumo akabaki chini akiwa na sauti nzito, kavu kidogo, isiyo na haraka. Kwa haki, Gurumo hakuwa mwimbaji mwenye sauti tamu kupita wote wa zama zake. Marijani Rajabu alimzidi kwa hilo. Nguvu yake ilikuwa katika kuaminika. Alipoimba malalamiko ya mtu aliyesalitiwa, msikilizaji alihisi kwamba jambo hilo limetokea kweli, tena jana.

Na mtindo wa bendi hiyo ulikuwa ni Msondo.

Ngoma ile ya kusimamishwa, iliyopigwa kwenye shughuli za Kisarawe, ikawa jina la bendi ya jumuiya ya wafanyakazi wa taifa zima. NUTA ilibadilishwa jina na kuwa JUWATA baada ya kuzaliwa kwa Chama Cha Mapinduzi mwaka 1977. JUWATA ikawa OTTU mwaka 1991, mfumo wa chama kimoja ulipokuwa ukielekea ukingoni. Mashabiki hawakujisumbua na mabadiliko hayo yote. Waliendelea kusema wanakwenda Msondo, hadi hatimaye bendi yenyewe ikalikubali jina hilo na kuitwa Msondo Ngoma.

Mwaka 1978 Gurumo aliondoka. Bendi mpya ya Mlimani Park, iliyomilikiwa na kampuni ya umma ya usafiri na teksi, TTTS, ilikuwa ikikusanya vipaji. Abel Balthazar alikuwepo. Baadhi walitoka Dar International, wakiwamo Michael Enoch, ambaye wengi walimwita King, na Cosmas Chidumule, ambaye baadaye aliachana na dansi na kuimba nyimbo za Injili. Bitchuka naye alikuja.

Bendi hiyo ilijiita Sikinde, ngoma ya ukae. Kwa Kizaramo ukae ni nyumbani. Kwa hiyo mtoto wa Masaki alihama kutoka ngoma moja ya kwao na kwenda katika ngoma nyingine ya kwao, na wanamuziki waliomzunguka, waliotoka katika kila pembe ya nchi, wakazipigia ngoma hizo magitaa. Wapo wanaouona muziki wa dansi kuwa ni nakala ya Kongo na Cuba. Majina hayo mawili, Msondo na Sikinde, yanatosha kumfanya mtu afikiri upya.

Miaka ya mwanzo ya Mlimani Park inahesabiwa na wengi kuwa ya dhahabu. Walipiga kwa nidhamu: magitaa matatu yakijibizana, tarumbeta zikiingia kwa zamu, waimbaji wakipokezana beti kama watu wanaosimuliana kisa barazani. Mwaka 1983 TTTS ilishindwa kuendelea, na bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, ambalo tayari lilikuwa na kumbi zake. Ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa nyumba ya Sikinde.

Rekodi za bendi hiyo zilizofanywa Radio Tanzania zilisikika hadi Kenya na Kongo, na katika miaka ya 1990 baadhi yake zilitolewa upya Marekani na Ujerumani. Wanamuziki wenyewe waliziimba, wakalipwa mshahara wa mwezi na posho, na habari ikaishia hapo. Sheria ya hakimiliki iliyokuja kuunda chombo cha kusimamia haki za wasanii, COSOTA, ilipitishwa mwaka 1999. Wakati huo nyimbo zilizompa Gurumo jina zilikuwa zimekwisha kupigwa redioni kwa miongo mitatu.

Mwaka 1985 alihama tena. Mfanyabiashara Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, alikuwa ameachana na kundi lake la awali la kina Ndala Kasheba na Nguza Viking, lililotamba kwa mtindo wa Masantula. Aliingia Sikinde na kuwachukua Gurumo, Bitchuka, Abel Balthazar na wengine. Mtindo mpya uliitwa Ndekule.

Wapenzi wa Sikinde hawakumsamehe upesi, na si ajabu, kwa sababu bendi yao iliyumba. Kuna waliomwona kuwa mtu wa kufuata fedha. Lakini tuhuma hiyo inasahau jinsi mambo yalivyokuwa. Mwanamuziki hakuwa na gitaa lake, hakuwa na jina la bendi, na hakuwa na fungu katika nyimbo zake. Alichokuwa nacho ni sauti, na sauti haiuzwi mara mbili mahali pamoja. Kuhama ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuipandisha bei.

OSS ilikuwa na vyombo vizuri na ilirekodi nyimbo nzuri. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imekwisha, mara mwenye vyombo alipoona biashara hiyo haimlipi. Kati ya Kilimanjaro Chacha iliyotegemea ada za vijana na OSS iliyotegemea mfuko wa tajiri, ni miaka 30 imepita. Namna ya kufa ni ileile.

Gurumo alirudi Msondo, na safari hii hakuondoka tena.

Aliikuta nchi nyingine. Mwaka 1994 zilianza redio za binafsi, na vijana walikuwa na muziki wao uliokuja kuitwa bongo fleva. Kumbi zilianza kugeuzwa maghala na maduka. Msondo na Sikinde, hata hivyo, waliendelea kuvuta watu, hasa zilipopambanishwa katika sikukuu. Katika pambano kama hilo Gurumo alikuwa katika nafasi ya ajabu: amesimama upande mmoja wa jukwaa huku nyimbo alizosaidia kuzijenga zikipigwa upande wa pili.

Wenzake walimwita Kamanda, na wengine Mjomba. Aliimba pamoja na TX Moshi William, mtunzi aliyeibeba Msondo kwa zaidi ya miaka 20 hadi alipofariki dunia Machi 2006. Vifo vya aina hiyo vilimwachia mkongwe huyo mzigo wa bendi katika umri ambao wafanyakazi wengine wa jumuiya ileile ya wafanyakazi walikwisha kustaafu.

Naye alistaafu Agosti 2013, akiwa na miaka 73. Mapafu na moyo vilikuwa vikimsumbua na alikuwa amekwisha kulazwa hospitalini mara kadhaa. Alipotangaza uamuzi huo mbele ya waandishi wa habari, alieleza kwamba katika miaka yote 53 ya muziki hakuwahi kumiliki hata baiskeli.

Kauli hiyo iliwagusa watu. Siku chache baadaye, msanii wa bongo fleva Nasibu Abdul, Diamond Platnumz, ambaye hakuwa amezaliwa wakati Ndekule inaanza, alimkabidhi mzee huyo gari dogo katika hafla ya uzinduzi wa video ya wimbo wake. Picha za makabidhiano hayo zilienea. Wengi walimsifu kijana, na alistahili. Wachache waliuliza ni kwa nini kazi hiyo imefanywa na mtoto wa nyumba ya pili, ilhali jumuiya, mashirika na wafanyabiashara wote walioitumia sauti hiyo walikuwa wamekaa kimya.

Gari hilo hakulitumia kwa muda mrefu. Alifariki dunia Jumapili, Aprili 13, 2014, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akiwa na umri wa miaka 74.

Hakuzikwa Dar es Salaam, mji alioutumikia tangu ujana. Msafara uliondoka mjini na kuvipita vilima vya Pugu, njia ileile ya wauza mihogo na makaa, akazikwa kijijini kwao Masaki, Kisarawe.

Magazeti ya wiki hiyo yalichapisha wasifu wake, na karibu yote yaliorodhesha bendi alizopitia, kuanzia ya kwanza. Kwa wasomaji wengi walio chini ya umri wa miaka 50, bila shaka ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kukutana na jina la Kilimanjaro Chacha.